Dakika Tatu za Nyarulanga

Theodosia Manirambona alichaguliwa kuiwakilisha halmashauri yake katika mambo ya treni wakati yeye mwenyewe yuko nje ya ukumbi. Simu ilikuwa imeita. Mbuzi wake alikuwa ameingia kwenye mihogo ya jirani, na jirani alitaka kujua kama amfunge au amchinje. Aliporudi kwenye kiti chake alikuta madiwani wenzake wanampigia makofi, akadhani habari za mbuzi zimemtangulia.

"Hongera, Mheshimiwa," mwenyekiti wa baraza akamwambia. "Umepita bila kupingwa."

"Nimepita wapi?"

"Kamati ya treni. Tumeangalia, tukaona wewe ndiye unayefaa."

Theodosia akauliza kwa nini yeye. Diwani mmoja wa viti vya nyuma akasema kwamba Mheshimiwa Theodosia ni mtu wa safari safari. Safari zenyewe zilikuwa kutoka kijijini kwake Kagerankanda kwenda Kasulu mjini kwa pikipiki, na kurudi. Treni alikuwa hajapata kuipanda. Lakini katika ukumbi ule wa watu thelathini, waliowahi kuipanda walikuwa wawili tu, na wote wawili walikwisha kutoa taarifa mapema kwamba wana shughuli nyingi.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, diwani wa viti maalumu, asiyependa kusema sana na asiyeweza kuacha kazi katikati, hata ikiwa kazi yenyewe ni ya kijinga. Baba yake alikuwa Muha wa hapo hapo. Mama yake alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa binti, akaolewa, akazaa, akazikwa Kagerankanda. Miaka tisa ya ujana wake Theodosia alifanya kazi Mtabila, kambi ya wakimbizi, ilipokuwa bado kambi. Alikuwa mpimaji wa maharage kwenye ghala la chakula, kopo kwa kopo, foleni baada ya foleni. Pale alijifunza jambo moja ambalo halikumtoka tena kichwani: siku ya kuhesabiwa watu, usikae nyumbani. Aliyekwenda kuni siku ya hesabu alikula kwa majirani miezi mitatu. Kambi ilipofungwa na watu wakarudi kwao, naye akarudi kwake kulima maharage yale yale aliyokuwa akiyapima.

Kamati aliyotupwa humo iliitwa Kamati ya Pamoja ya Wawakilishi wa Halmashauri ya Kusimamia na Kushauri Uendeshaji wa Huduma ya Treni ya Abiria ya Mkoa. Jina hilo lilikuwa refu kuliko treni yenyewe, iliyokuwa na mabehewa matatu. Wajumbe walikuwa sita, kila mmoja na halmashauri yake. Wanne kati yao walitoka kwenye milima ambako hakuna hata nusu mita ya reli, na kwa kuwa wanne ni wengi kuliko wawili, mambo yote ya treni yalikuwa yanaamuliwa na watu wasio na treni. Hakuna aliyeona ajabu. Sheria ilisema uwakilishi uwe sawa, na ulikuwa sawa.

Theodosia, ingawa naye hakuwa na reli kwenye wilaya yake, alikuwa na Nyarulanga.

Nyarulanga ni kituo kidogo cha treni, ukingo wa saruji wenye urefu wa hatua arobaini, bati juu ya nguzo nne, na kibao. Kipo bondeni, ng'ambo ya mpaka wa wilaya, lakini wanaokitumia ni watu wa juu, wanaoteremka na maharage yao, ndizi zao na wagonjwa wao kwenda Kigoma. Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Niyubahwe, dada yake Theodosia, mwenye miaka sitini na tisa na jicho moja. La pili lilikuwa limekwisha kuzimwa na presha ya macho, na daktari wa Kigoma alimwambia wazi kwamba hili lililobaki linataka kupimwa kila mwezi na kutiwa dawa, asipofanya hivyo litamfuata mwenzake. Njia nyingine ilikuwa pikipiki hadi Kasulu, halafu basi. Niyubahwe aliijaribu mara moja, pikipiki ikamwangusha kwenye mteremko, nyonga ikateguka, akaapa mbele ya padri kwamba hatapanda tena kitu kinachoegemea upande. Kwa hiyo ilikuwa treni au upofu.

Na treni yenyewe ilikuwa ikimwacha. Mwaka ule ilikuwa imemwacha mara tatu, yeye akiwa amesimama pale pale ukingoni.

"Ile treni ina kiburi," Niyubahwe alisema kila ilipomwacha. Nyumba nzima ikaitikia kwamba kweli, ina kiburi.

*

Kikao cha kwanza kilifanyika Kibondo, ambako mlio wa treni haujawahi kufika, upepo uvume utokako. Mwenyekiti alichaguliwa haraka. Alikuwa Bwana Saady Gharibu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo mjini, mtu wa kanzu safi na maneno yaliyopangwa vizuri, kwa kuwa babu yake alitoka Pangani na yeye hakuacha mtu asahau.

"Mabibi na mabwana," alisema, "mimi mwaka themanini na tisa nilipanda treni kutoka Kigoma mpaka Dar es Salaam. Daraja la pili. Dirishani."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima. Tangu mwaka huo, Kibondo nzima, hakuna aliyebishana na Saady kuhusu reli.

Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya mapazia ya mabehewa, nayo ilichukua saa moja na nusu. Ya pili ilikuwa chai katika behewa la chakula. Pasikali, ofisa takwimu aliyetumwa na kampuni inayoendesha treni, mtu mwembamba mwenye fomu nyingi, alijaribu kueleza kwamba treni ile haina behewa la chakula. Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango wake, na kamati ikaazimia kwamba chai iwe na tangawizi.

Ajenda ya tatu, Saady aliisimamia mwenyewe. "Kituo cha Kibondo," alisema.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Pasikali akasema, "Kibondo haina reli."

"Ndiyo maana tunaanza na kituo, kijana wangu. Kituo kikishasimama, na saa yake ukutani, na benchi, reli yenyewe itaona aibu kutofika."

Asmahani, mjumbe wa kutoka Kasulu mjini, muuza vitambaa mwenye ulimi wa kukata bila mkasi, akauliza kama na yeye anaweza kupata uwanja wa meli. Wakacheka wote isipokuwa Saady. Hoja ya kituo ikasogezwa mbele.

Nyarulanga ilikuja mwishoni kabisa, kwenye mengineyo, wakati harufu ya pilau imekwisha kuingia ukumbini. Pasikali alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma tarehe ya mwisho ya dawa. Kampuni inapendekeza kituo cha Nyarulanga kifutwe kwenye ratiba. Treni husimama pale dakika tatu, na kwa mwaka mzima wastani wa wanaopanda ni abiria wanne na nusu.

"Huyo nusu ni nani?" Asmahani akauliza.

"Ni hesabu tu, mama."

"Na akishuka anashukaje?"

Saady akagonga meza. "Wanaokubali kifutwe?"

Mikono ikaanza kuinuka, mmoja, wa pili, huku macho yakiwa yanaangalia mlango wa jikoni. Theodosia hakuwa amefungua mdomo tangu asubuhi. Akasimama.

"Mwenyekiti, naomba wahesabiwe upya."

"Mheshimiwa, mwaka mzima wamehesabiwa."

"Wamehesabiwa na tiketi. Naomba wahesabiwe na mtu, kwa macho."

Kama angeliomba jambo hilo saa nne asubuhi wangelijadili mpaka jioni. Kwa kuwa pilau ilikuwa imefika, walikubali kwa kauli moja. Pasikali ataenda Nyarulanga Alhamisi ya pili ya mwezi. Wakipanda abiria ishirini au zaidi, kituo kibaki. Wasipofika ishirini, kifutwe. Theodosia akakaa chini akiwa na furaha ya moyoni. Mambo ya kuhesabiwa alikuwa akiyajua kuliko mtu yeyote katika chumba kile.

*

Aliporudi alianza na kanisani, akaenda msikitini, akamalizia sokoni. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Alhamisi tunahesabiwa Nyarulanga. Asibaki mtu."

Watu wa umri wake hawakuuliza swali la pili. Wengi walikumbuka Mtabila, na wasioikumbuka walikuwa wamesimuliwa. Alhamisi hiyo, umande haujakauka, njia ya kuteremka bondeni ilijaa watu kama siku ya mnada. Walikuja wenye safari na wasio na safari. Walikuja na watoto mgongoni. Alikuja hata mzee mmoja aliyebebwa kwenye machela, mwanawe akimwambia kila baada ya hatua chache, "Vumilia, baba, ukishahesabiwa tunakurudisha." Kufikia saa nne walikuwa zaidi ya mia mbili, na Theodosia alisimama chini ya bati akiwaangalia kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Treni ikatokea. Pasikali alikuwa ameshuka asubuhi kutoka treni iliyotangulia, akasimama ukingoni na fomu yake na kalamu mbili.

Sasa, kwao kule, mtu hasafiri kama mwizi. Anasindikizwa. Na akisindikizwa anaagwa, mmoja baada ya mwingine, kwa kupiga makofi taratibu viganja vikiwa vimekunjwa, kwa kuulizwa habari za anaowaacha, kwa kupewa salamu za anaowaendea, na kwa kutakiwa amani ya njia, mugende amahoro, naye ajibu kila moja kwa ukamilifu wake. Tena mdogo haagwi kabla ya mkubwa, wala hatangulii kupanda. Wala huwezi kusimama karibu na mtu anayeondoka ukanyamaza kama gogo. Hata kama ulikuja kwa lako, utamwaga.

Mkubwa kuliko wote siku ile, ukimtoa yule wa machela, alikuwa Niyubahwe. Watu mia mbili wakageuka kumwaga Niyubahwe.

Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa mtu wa pili, yuko katikati ya kuulizia ndama wake, gadi wa treni alipopuliza filimbi. Treni ikaondoka polepole, madirisha yake yakipita mbele ya umati mzima uliokuwa umeinama kwa heshima na kupiga makofi. Abiria waliokuwa ndani walidhani wanashangiliwa. Baadhi yao walipunga mikono.

Waliopanda Nyarulanga siku ile walikuwa watatu: fundi cherehani mmoja Mkongo na walimu wawili wageni. Hawakuwa na mtu wa kuwaaga.

"Hukuwaona watu?" Theodosia alimwambia Pasikali.

"Nimewaona, mama. Nimeona hata machela."

"Umeandika ngapi?"

"Watatu."

"Watu mia mbili wamesimama mbele yako!"

"Fomu haina sehemu ya waliosimama." Akamwonyesha. Fomu ilikuwa na sehemu ya waliopanda, ya walioshuka, ya mizigo, na ya maoni. Kwenye maoni Pasikali alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: *Wakazi ni wengi sana. Hawataki kusafiri.*

Niyubahwe alikuwa amekaa juu ya mfuko wake wa nguo, akiangalia reli kwa jicho lake moja. "Mara ya nne," alisema. "Si nilikwambia ina kiburi."

*

Treni ya kurudi ilikuwa bado sana, kwa hiyo Pasikali alipelekwa nyumbani kwa Theodosia akapewa ugali wa muhogo na maharage. Alikula kimya, kama mtu anayekula kwa watu aliowafilisi. Alipomaliza akasimama, akashukuru, akasema anatangulia kituoni.

Niyubahwe alinyanyuka kumwaga. Ilikuwa ni adabu tu. Kijana amekula nyumbani. Akapiga makofi. Akamuuliza mama yake anaendeleaje huko aliko, na baba yake, na kama ndugu zake wana afya, na mvua ya kwao imefikia wapi mwaka huu. Akampa salamu za mama huyo, za baba huyo, na za yeyote atakayemkuta njiani. Akamwombea njia, mto, daraja na dereva. Ange, mkwe wake Niyubahwe, akaingia zamu baada yake, halafu jirani mwenye mihogo iliyoliwa na mbuzi, ambaye alikuwa amepita tu.

Theodosia alikuwa ameegemea mlango. Kwanza hakuwaza kitu. Kisha macho yake yakaangukia saa ya mkononi ya Pasikali, aliyokuwa ameinyanyua mbele ya kifua katika kupiga makofi. Akaiangalia tena.

"Pasikali," alisema walipomaliza, "umeagwa dakika ngapi?"

Pasikali alipangusa macho yake. Alikuwa mtu wa Tabora aliyekulia kwenye nyumba za kampuni, na tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwaga namna ile. Akaangalia saa. "Kumi na moja, mama."

"Na wewe si ndugu."

"Mimi si ndugu."

"Na ni watu watatu tu waliokuaga."

Wakaangaliana. Pasikali akafungua begi, akatoa fomu, akatafuta pa kuandika jambo hilo. Hapakuwapo.

*

Kikao cha pili kilikuwa Kasulu. Theodosia alikwenda na hoja moja: treni isimame Nyarulanga dakika kumi na tano badala ya tatu. Alieleza sababu kwa ufupi, bila mapambo, kama alivyokuwa akitangaza mgawo wa maharage. Watu wapo, safari zipo, tatizo ni muda wa kuaga.

Meneja wa ratiba wa kampuni alikuwa amekuja mwenyewe siku hiyo. Alisikitika sana. Alisema haiwezekani, maana dakika kumi na mbili zikiongezwa treni itachelewa.

"Si huwa inachelewa?" Asmahani akauliza. "Mimi dada yangu yuko Uvinza, anasema inachelewa saa mbili kila siku ya Mungu."

"Kweli, mama. Lakini saa mbili hizo tumekwisha kuzizoea. Ziko kwenye mpango. Hizi za Nyarulanga hazipo."

Theodosia alihisi jambo lenyewe likimponyoka, na mbele yake hakuona kamati wala meneja. Aliona jicho la Niyubahwe. Ndipo Saady Gharibu akasafisha koo. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kutaja mwaka themanini na tisa, na hilo lilikuwa limemchosha.

"Ndugu wajumbe, hekima ni kuangalia kinachobadilika na kisichobadilika. Treni haibadiliki. Mimi nimeipanda, naijua. Lakini kuaga kunabadilika. Kamati hii inasimamia huduma ya abiria. Kuagwa ni sehemu ya kuwa abiria. Basi kamati inayo mamlaka ya kusimamia kuagwa."

Hakuna aliyekuwa na hakika kama hilo ni kweli, lakini lilisikika kama kweli. Pasikali akaanza kuandika. Azimio likatungwa hapo hapo, neno kwa neno, kwa furaha kubwa kuliko ile ya mapazia: *Katika kituo cha Nyarulanga, kuaga kote kufanyike kabla ya treni kufika, na kukishafanyika kusirudiwe. Pagongwe kengele ya kuaga. Mheshimiwa Theodosia ndiye msimamizi. Hesabu irudiwe Alhamisi moja; ishirini ibaki ishirini.*

"Ila," Saady akasema, akimwangalia Theodosia juu ya miwani, "kabla hatujapiga kura, tumalizie ile ya kituo cha Kibondo. Iliyosogezwa."

Asmahani akamwinamia Theodosia sikioni. "Anataka kura yako, dada. Bila kura yako ana tatu. Bila yake wewe huna kitu."

"Kituo bila reli?"

"Wewe si una reli bila kituo? Mtafaana."

Theodosia Manirambona, ambaye maisha yake yote hakupata kupunja hata kopo moja la maharage, aliinua mkono wake kuunga mkono ujenzi wa stesheni ya treni mahali ambapo treni haifiki. Aliuinua mpaka juu, kiwiko kikanyooka. Kisha ikapigwa kura ya Nyarulanga, nayo ikapita.

*

Kuwaeleza watu azimio lile kulimchukua wiki tatu. Wazee walimsikiliza, wakayatafuna maneno yake, wakauliza. Kuaga kabla ya chombo kufika, je, si kumfukuza mtu? Theodosia akasema si kumfukuza, ni kumwaga mapema. Na akishaagwa, halafu chombo kikachelewa, anakuwa nani? Theodosia alisema chombo hakitachelewa. Alijua anadanganya, lakini alikuwa diwani.

Alhamisi ilipofika alikataza wasio na safari kuteremka, isipokuwa msindikizaji mmoja kwa kila msafiri. Alikuwa ameomba ringi ya gari bovu, akaining'iniza kwenye nguzo ya bati. Saa tatu kamili asubuhi akaigonga kwa nondo. Watu wakaanza kuagana. Waliagana vizuri, bila kukimbizwa, hadi saa nne kasoro robo. Ilikuwa imebaki robo saa nzima kabla ya muda wa treni, na Theodosia aliona kwamba kamati, kwa mara ya kwanza, ilikuwa imefanya kazi.

Treni haikuja saa nne. Haikuja saa nne na nusu.

Hapo likajitokeza jambo ambalo kikao cha Kasulu hakikulijadili. Kwao, aliyeagwa ameondoka. Huwezi kumwaga mtu, ukamwombea njia na mto na daraja, halafu ukaendelea kupiga naye soga za bei ya mbolea; ni kama kumrudisha, tena ni mkosi kwa safari yake. Basi walioagwa wakakusanyika upande mmoja wa ukingo, kwenye jua, wakiangalia reli. Waliobaki wakakaa upande wa pili, chini ya bati, wakiangalia milima. Katikati palikuwa na hatua kumi tupu za saruji. Hakuna aliyevuka. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto mmoja alimwita mama yake aliyekuwa upande wa pili, bibi yake akamnyamazisha: "Mama ameenda Kigoma."

Saa tano ikapita. Niyubahwe akapapasa mfuko wake, akapapasa tena, kisha akatulia kama jiwe. Kadi ya kliniki haikuwamo. Theodosia aliiona: ilikuwa mkononi mwa Ange, upande wa waliobaki, amekuwa akijipepea nayo tangu saa tatu. Ange naye aliiona, akashika mdomo. Bila kadi ile Kigoma hawatamfungulia mlango. Lakini Niyubahwe alikuwa ameondoka, na Ange alikuwa amebaki, na kati yao palikuwa na safari nzima.

Theodosia alimwendea Pasikali, aliyekuwa peke yake karibu na kibao na fomu yake.

"Wewe hujaagwa leo."

"Leo bado, mama."

"Basi wewe unaweza kupita. Chukua ile kadi kwa yule, mpe yule."

Pasikali akavuka hatua kumi, akaichukua kadi, akavuka tena, akamkabidhi Niyubahwe, ambaye alimshukuru kama mtu aliyekutana naye ugenini. Watu walipoona njia imepatikana, wote wakaitaka. Mwambie aliyebaki ufunguo uko juu ya mlango. Mwambie aliyeondoka asisahau chumvi. Mwambie aliyebaki asimpe mtoto maziwa ya jana. Kwa saa nzima ofisa takwimu wa kampuni alikuwa akienda na kurudi juu ya saruji ile, jasho linamtoka, akibeba maneno ya watu waliokuwa wanasikiana vizuri kabisa.

Treni ilifika saa sita na dakika tano.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyeulizia ndama. Niyubahwe alitangulia kama mkubwa, wengine wakamfuata kwa umri wao, mifuko mikononi, na mlango wa behewa ukawameza mmoja baada ya mwingine kama watu wanaoingia kanisani. Pasikali alihesabu kwa kalamu. Alipofika ishirini, Theodosia alifumba macho. Pasikali akaendelea. Wa mwisho alikuwa wa arobaini na tatu, na ilikuwa imepita dakika moja na sekunde hamsini.

"Arobaini na tatu," Pasikali alisema, akamwonyesha fomu ili aamini. "Kimebaki, mama. Kituo kimebaki."

Theodosia aliitikia kwa kichwa.

Ilikuwa imesalia dakika moja na zaidi, na treni, ambayo kwa mwaka mzima haikuwahi kumngoja mtu, sasa ilikuwa imesimama haina kazi, gadi ameshika bendera yake anashangaa. Niyubahwe alikuwa amepata dirisha. Uso wake ulikuwa hatua mbili kutoka kwa mdogo wake, ukiangalia mbele, huko treni inakoelekea. Vumbi la breki lilikuwa linapanda, na mkono wake ulikuwa umeanza kwenda kwenye lile jicho moja, kulisugua.

Theodosia alikuwa amekwisha kumwaga asubuhi.

"Pasikali," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie asisugue jicho."

"Mama, nimekwisha kufunga fomu."

"Mwambie."

Pasikali akatia kalamu mfukoni, akasogea dirishani, akainua kidevu chake. "Mama Niyubahwe, aliyebaki anasema usisugue jicho."

Mkono ukashuka. Filimbi ikalia, mabehewa yakashtuka na kuanza kusogea, na Niyubahwe, bila kugeuza kichwa hata kidogo, akajibu kwa sauti iliyosikika ukingo mzima:

"Mwambie nimesikia."